Kiti cha Mtafiti

Mwaka 1915 Bronisław Malinowski alipiga hema Omarakana, kijiji cha chifu mkuu To'uluwa katika visiwa vya Trobriand, mashariki mwa New Guinea. Hema lilikuwa katikati ya kijiji, karibu na nyumba ya chifu. Kutoka hapo aliwaona wanaume wakijiandaa kwa safari za kubadilishana vitu ziitwazo, kwa lugha ya huko, kula. Mikufu ya magamba mekundu ilizungushwa kisiwa hadi kisiwa kwa upande mmoja, bangili nyeupe za kombe kwa upande wa pili, na kila aliyeshika kitu chenye sifa alipata jina kwa muda ambao kitu hicho kilikaa mkononi mwake. Kitabu kilichotokana na hayo, Argonauts of the Western Pacific, kilitoka mwaka 1922, na hadi leo ndicho tunachowapa wanafunzi wapya tunapotaka waelewe kazi yetu.

Zaidi ya miaka hamsini baada ya hema lile, mwaka 1971, Mmarekani Annette Weiner alikwenda kuishi Kwaibwaga, kijiji cha jirani. Hakukaa sana kabla wanawake hawajamchukua na kumpeleka kwenye shughuli ya msiba. Huko alikuta uwanja umejaa mafungu ya majani makavu ya migomba, maelfu kwa maelfu, pamoja na sketi za nyuzi, na wanawake wakigawa kwa hesabu kali, wakimlipa kila aliyekuwa na haki yake kwa marehemu. Ili mke apate mafungu ya kutosha, mumewe alilazimika kutoa mali yake mwenyewe. Kwa hiyo utajiri wa wanaume, ambao ndio uliomvutia Malinowski, ulikuwa ukivuja bila kukoma kuelekea kwenye mafungu ambayo yeye aliyaona akayapita. Weiner alichapa kitabu chake mwaka 1976, na baada ya hapo haikuwezekana tena kuisoma Trobriand ya mwanzo kama ilivyosomwa.

Hakuna kati yao aliyesema uongo. Wote wawili walijifunza lugha, wote walikaa muda mrefu, wote walikuwa makini. Tofauti yao ni mahali walipoketi na watu waliowaketisha.

Kila anayeandika kwa Kiswahili kuhusu utafiti wa uwandani hujikuta ananyoosha mkono kuchukua methali ya mgeni, siku ya tatu na jembe. Inavutia, ila taaluma yetu haikwenda hivyo. Watafiti wengi hawakupewa jembe, walipewa kiti, mara nyingi kile kizuri kuliko vyote nyumbani, na kiti hicho kiliwekwa kwenye baraza la mtu fulani, si la mwingine. Nikisoma etnografia yoyote, kabla sijaitafuta nadharia yake naanza na hilo: kiti alikitoa nani, na kilielekezwa wapi? Naamini swali hilo linapima ubora wa kitabu kuliko idadi ya miezi ambayo mwandishi hujivunia katika utangulizi.

Kabla ya hapo hapakuwa na kiti kabisa. James Frazer aliandika majuzuu kuhusu dini na mila za dunia nzima akiwa Cambridge, akitegemea barua na ripoti za wamisionari, maofisa wa serikali na wasafiri. Mwaka 1898 Alfred Haddon aliongoza kundi la wataalamu hadi Torres Strait, kati ya Australia na New Guinea, na hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini walikaa miezi tu na kusema na watu kwa lugha ya kuombea maji na kupitia wakalimani. Malinowski alisaidiwa na vita. Alikuwa raia wa Austria-Hungaria, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Australia, katika himaya ya adui. Wakuu wa huko walimruhusu aendelee na utafiti, naye akakaa kuliko mtu yeyote mwenye akili timamu angepanga kukaa. Katika upweke huo ndipo ulipopatikana mfumo tunaoufundisha leo: ishi na watu, jifunze lugha yao, andika mambo ya kila siku na si sherehe tu, na usikimbilie kwenye nyumba ya mzungu mwenzako kila unapochoka.

Watu wa nje hudhani kwamba kazi hii ni mahojiano. Mahojiano ni sehemu ndogo. Wiki za mwanzo huwa za kuchosha kwelikweli: kuchora ramani ya kijiji, kuhesabu kaya, kuandika nani mtoto wa nani na nani alimwacha nani, nani anakula chungu kimoja na nani. Yale madaftari ya mwanzo hayasomeki, ila bila hayo huwezi kuelewa chochote kitakachotokea baadaye. Ukisikia ugomvi usiku juu ya mbuzi, utajua ni ugomvi wa mbuzi au ni wa mirathi ya miaka ishirini iliyopita kwa sababu tu una ile nasaba. Baada ya hapo ni kukaa. Kukaa kwenye bao, jikoni, shambani, kwenye foleni ya zahanati, msibani. Unasubiri mambo yatokee yenyewe, kwa kuwa watu hawawezi kukusimulia kile ambacho kwao ni cha kawaida mno hata hakistahili kusemwa.

Chukua mnazi. Katika sehemu nyingi za pwani yetu, mnazi una mwenyewe na ardhi uliyosimama ina mwenyewe, na hao wanaweza kuwa watu wawili tofauti kabisa. Mtu anaweza kurithi minazi kumi iliyotawanyika katika mashamba ya watu, akaweka rehani mitatu na kulima mihogo chini ya minazi ya shangazi yake. Sasa aje kijana wa mradi na kishikwambi chake aulize: «Una ekari ngapi?» Atajibiwa, maana mgeni hajibiwi kimya. Ataandika mbili, au hana, au ataandika kile alichoandika kwa jirani. Jibu litaingia kwenye jedwali na jedwali litaingia kwenye ripoti, na hakuna mtu katika mlolongo huo atakayekuwa amedanganya. Aliyekaa msimu mzima angeona nani anaangua nazi wapi, nani anapita kuomba ruhusa na nani hapiti.

Ndiyo maana tunasisitiza mwaka mzima. Si ibada ya kuteswa kwa wanafunzi, ingawa wanafunzi huiona hivyo. Mwaka una Ramadhani na miezi ya harusi, una kaskazi na kusi, una wakati wa njaa na wakati wa mavuno, na watu wale wale huwa na ukarimu, madeni na maneno tofauti katika kila kipindi.

Lakini muda peke yake hautoshi, na mfano mzuri kuliko yote ni wa Edward Evans-Pritchard, Mwingereza aliyefanya kazi kusini mwa Sudan. Huyu alitupa vitabu viwili vilivyojenga taaluma, na viti vyake viwili havikufanana hata kidogo.

Kwa Wazande, aliowatembelea mara kadhaa kati ya 1926 na 1930, alipokewa kama bwana. Jamii hiyo ilikuwa na watawala na watawaliwa, na mzungu alipangwa upande wa watawala apende asipende. Hawakumruhusu aishi kama mmoja wao. Basi alipotaka kujua siri za chama cha waganga, alijua hawezi kujiunga mwenyewe bila watu kumwonyesha maonyesho tu. Akamlipia mtumishi wake, Kamanga, aingie uganga. Kamanga akafundishwa na mganga aitwaye Badobado, ambaye alikula ada na kuchelewesha siri, kama wafanyavyo wenye siri popote. Evans-Pritchard akamleta mganga mwingine, mshindani wa yule wa kwanza, akawaacha wavutane. Kila mmoja akaanza kumwaga habari ili aonekane anajua kuliko mwenzake.

Unaweza kuipenda mbinu hiyo au kuichukia. Mimi naiona ya werevu na isiyopendeza. Ila tusichanganye mambo: katika sura zile za waganga, aliyefanya utafiti wa uwandani ni Kamanga. Yeye ndiye aliyelipa kwa mwili, aliyekaa usiku, aliyepimwa na walimu wake. Mwingereza aliandika. Kitabu kuhusu Wazande, cha mwaka 1937, kina jina moja tu juu ya jalada.

Sehemu nyingine ya kitabu hicho Evans-Pritchard aliipata kwa kuishi. Wazande waliwapa kuku sumu iitwayo benge na kuiuliza maswali, na kifo au uzima wa kuku vilikuwa jibu. Naye akaweka benge nyumbani kwake na kupanga shughuli za kaya kwa kufuata majibu hayo, na akakiri kwamba mambo yalikwenda vizuri tu. Kutokana na kuishi hivyo ndipo akaelewa hoja ambayo wasomi wa Ulaya hawakuwa wameielewa. Ghala likianguka na kuua watu waliokaa kivulini mwake, Mzande anajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo, na anajua kwamba watu walikaa pale kwa sababu ya jua kali. Swali lake ni kwa nini ghala hili lianguke saa hii, juu ya watu hawa. Uchawi unajibu swali hilo la pili, wala haushindani na mchwa. Msomaji wa Tanzania aliyewahi kukaa matanga ya kijana aliyekufa kwa ajali ya bodaboda ameshasikia mazungumzo ya aina hiyo: dereva alikuwa na mwendo mkali, kila mtu anakubali, na bado mazungumzo hayaishii hapo.

Kisha akaenda kwa Wanuer, mwaka 1930. Serikali ya Sudan ndiyo iliyomwomba aende na ndiyo iliyolipa, na serikali hiyo hiyo ilikuwa imetoka kuwapiga Wanuer kwa majeshi, hata kwa ndege za kivita. Huko hakuna aliyemwona bwana. Walikataa kumbebea mizigo, walimwomba tumbaku, waliingia hemani kwake wakati wowote, na maswali yake waliyazungusha. Katika utangulizi wa The Nuer, kitabu cha mwaka 1940, anasimulia mazungumzo na mtu aitwaye Cuol. Anamwuliza jina la ukoo wake. Cuol anamwuliza analitakia nini na kama atalipeleka kwao. Swali kwa swali, hadi mwenye daftari anachoka. Wasomaji hucheka hapo, na mwandishi alitaka wacheke.

Mimi naona ukurasa huo una data nzuri kuliko sura nyingi zinazoufuata. Cuol alijua kwamba anayeorodhesha koo leo anaweza kuwa anayeandaa kodi kesho, au anayeelekeza askari kambi ya nani ichomwe. Kukataa kwake kulikuwa uchambuzi wa kisiasa wa hali halisi, sahihi kabisa. Evans-Pritchard aliandika kitabu kizuri mno kuhusu jinsi Wanuer wanavyojipanga bila serikali, lakini serikali iliyokuwa juu ya vichwa vyao siku ile haimo katika mchoro wake. Kiti kiliwekwa na serikali, na mtu hawezi kuliona kwa urahisi paja linalomkalisha.

Hapo wengi watasema dawa ni moja: wenyeji waandike wenyewe. Na pwani yetu ilitangulia wote. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa upande wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Mwaka 1903 kilichapwa Desturi za Wasuaheli, kwa Kiswahili, kazi iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na Mtoro, ikieleza uzazi, jando, harusi, ngoma, pepo, mashamba, sheria na mambo ya utumwa. Miaka hiyo Malinowski alikuwa bado mwanafunzi huko Poland. Jina lililokuwa juu ya jalada ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kuhariri. Mtoro alioa Berlin, na alipotaka kurudi nyumbani na mke wake Mjerumani mwaka 1905, wakubwa wa koloni walizuia wasishuke. Akarudi Ujerumani, akafia huko mwaka 1927.

Ni kitabu ambacho kila Mswahili anapaswa kukisoma, na kukisoma vizuri ni kukiuliza swali lile lile. Mtoro alikuwa mwanaume, mwungwana, mwenye elimu ya dini. Anapoeleza jinsi mtumwa anavyopaswa kumsalimia bwana wake, anaeleza kwa usahihi wa mtu aliyezoea kusalimiwa. Mtumwa mwenyewe angeandika nini? Mjakazi aliyelea watoto wa nyumba ile angeandika nini juu ya sura ya uzazi? Kuzaliwa mahali hakukupi baraza zote za mahali hapo. Kunakupa moja, na kwa sababu umeketi hapo tangu utoto huioni kama kiti.

Jomo Kenyatta alilijua hilo na akalitumia. Alikwenda London mwaka 1929 kama mwakilishi wa Kikuyu Central Association, na miaka ya 1930 akasoma kwa Malinowski katika London School of Economics. Facing Mount Kenya ilitoka mwaka 1938 na utangulizi wa mwalimu wake. Ukiisoma kama etnografia tu, utashangaa kwa nini jamii yake ni nadhifu kiasi hicho, haina wagomvi wala walalahoi. Ukiisoma kama shauri la mahakamani, kila kitu kinakaa sawa: sura ya ardhi inathibitisha kwamba kila kipande cha Ugikuyu kilikuwa na mwenyewe kabla walowezi hawajafika, na sura ya tohara inajibu mgogoro wa mwaka 1929, ambapo misheni zilipiga vita ukeketaji wa wasichana. Hoja ya ardhi imebaki imara. Ile ya tohara inazungumza kuhusu wasichana kwa kirefu bila kuwasikiliza. Hilo halimfanyi Kenyatta kuwa mwanaanthropolojia mbaya kuliko Waingereza wa wakati wake, ambao nao walikuwa na mawakili wao, ila hawakuwataja.

Kuna mlolongo mwingine ninaoupenda zaidi kwa sababu unaonyesha kalamu ikihama mkono. Kati ya 1934 na 1938 Monica na Godfrey Wilson, mke na mume, walifanya utafiti kwa Wanyakyusa, Rungwe. Walijifunza lugha, na walifanya kazi na makarani wenyeji, akiwemo Leonard Mwaisumo, aliyewatafsiria na kuwafungulia milango. Monica alichapa Good Company mwaka 1951, kuhusu vijiji vya rika: wavulana wa umri mmoja wanajenga kijiji chao mbali na baba zao na kuzeeka humo pamoja. Ni kitabu cha upole, na wale makarani wamo humo kwa namna ambayo msomaji wa kawaida haioni.

Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1963, Monica Wilson, sasa profesa Cape Town, alichapa kitabu kuhusu Langa, mtaa wa Waafrika katika jiji hilo. Safari hii jina la mtu aliyezunguka mtaani, akakaa na vijana, akasikia misemo yao na kuandika madaftari, lilikuwa juu ya jalada pamoja na lake: Archie Mafeje. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa Mafeje kazi kisha kikaiondoa kwa shinikizo la serikali ya ubaguzi, na wanafunzi wakakalia jengo la utawala kupinga. Mafeje akaja Dar es Salaam kuongoza sosholojia katika Chuo Kikuu. Mwaka 1971 alichapa makala yake maarufu dhidi ya dhana ya ukabila, akisema kwamba wanaanthropolojia na wakoloni walikuwa wamelichukua «kabila» kama kioo cha kuonea kila kitu Afrika, hata migogoro ya kitabaka na ya kisiasa. Baadaye alikwenda mbali zaidi, akataka taaluma yenyewe ifungwe, kwa kuwa msingi wake ni kumtafuta mtu ambaye si wewe.

Sikubaliani naye katika hilo la mwisho, lakini namwelewa. Okot p'Bitek, aliyesoma Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwalalamikia walimu wake waliokuwa wakiwaita watu wa Afrika washenzi darasani, naye ameketi humo humo. Mtu akipitia hayo hahitaji nadharia kumwambia taaluma hii ina tatizo. Vyuo vingi vya Afrika huru viliichukulia taaluma hiyo hatua kwa ukimya: jina la anthropolojia likafichwa ndani ya sosholojia, na kazi ikaendelea.

Palipoharibika kabisa ni Uganda, kaskazini mashariki, kwa watu wa Ik. Colin Turnbull alikuwa ameandika kitabu kilichopendwa kuhusu Wambuti wa msitu wa Ituri, mwaka 1961, na jina lake lilikuwa kubwa. The Mountain People, cha mwaka 1972, kilisema watu wa Ik wamepoteza upendo: wazee wananyang'anywa chakula mdomoni, watoto wanafukuzwa nyumbani, hakuna anayemlilia mtu. Alipendekeza hata kwa serikali watawanywe katika vikundi vidogo mbalimbali hadi jamii hiyo iishe. Mwaka 1975 kitabu kilikuwa tayari kimegeuzwa mchezo wa kuigiza na Peter Brook. Msomi wa isimu Bernd Heine alipokwenda huko na kuandika mwaka 1985, alionyesha kwamba Turnbull hakuijua lugha vya kutosha, kwamba baadhi ya watu aliowategemea hawakuwa wa Ik, na kwamba aliwaona wawindaji walionyimwa mbuga pale ambapo palikuwa na wakulima waliokumbwa na njaa.

Njaa ile ilikuwa ya kweli, na sina shaka aliona mambo ya kutisha. Lakini kuishi na watu wenye njaa huku wewe una akiba ya chakula si kushiriki maisha yao. Kila mlango unaofunguka kwako unafunguka kwa sababu ya akiba hiyo, na kila uso unaoukuta umeshapiga hesabu kabla hujafika. Turnbull alikaa muda wa kutosha kwa vipimo vyetu vyote. Angeweza kukaa tena mara mbili ya hapo na asingeona tofauti.

Nani basi aliyefanya vizuri? Wapo, na hawakufanya miujiza. Pat Caplan alifika kisiwa cha Mafia mwaka 1965 akiwa mwanafunzi wa uzamivu, akarudi 1976, akarudi 1985, akaendelea kurudi. Wale aliowakuta wasichana akawakuta bibi. Alimwomba mwenyeji mmoja, ambaye kitabuni anaitwa Mohammed, aandike shajara kwa Kiswahili, na mwaka 1997 alichapa kitabu ambacho sehemu kubwa yake ni maneno ya Mohammed, ya mkewe na ya binti yake: magomvi, pepo, mazao, ndoa. Mohammed haelezi «mila za Waswahili». Anaandika nani alikuja, nani hakuja, na nani alipaswa kuja. Na wanawake wa nyumba ile hawakubaliani naye katika mambo kadhaa, jambo ambalo ndilo uhai wa kitabu.

Johannes Fabian alifanya jambo la aina hiyo Katanga. Miaka ya 1973 na 1974, akifundisha Lubumbashi, alikutana na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyekuwa amejipa kazi ya kuchora historia nzima ya Zaire. Michoro 101 ikachorwa, na wawili hao wakaizungumza mmoja mmoja kwa Kiswahili cha Katanga, kinasa sauti kikiwa wazi. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na katika mazungumzo yale anamsahihisha profesa, anamfundisha, mara nyingine anamkwepa kama Cuol. Fabian ndiye aliyeandika mwaka 1983 kwamba ugonjwa mkubwa wa taaluma yetu ni wa wakati: tunakaa na watu saa ile ile, tunakunywa chai ile ile, kisha tukirudi kuandika tunawaweka katika zama nyingine, kama mababu zetu walio hai. Kwa maoni yangu Kiswahili cha kwenye kinasa sauti ndicho kilichomponya. Ni vigumu kumpeleka zama za kale mtu anayekukatiza sentensi.

Siku hizi tuna vibali. Tanzania hutolewa na COSTECH, Kenya na NACOSTI, kisha barua hushuka mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, na mtafiti anafika akiwa na mihuri mitano na fomu ya ridhaa. Ni sawa, kuna watafiti wa kigeni ambao bila mihuri wangefanya wapendavyo. Ila angalia kiti hicho kimewekwa na nani. Mwenyekiti wa kijiji anakuchagulia watu wa kuhojiwa, na watu hao ni wale wale waliohojiwa na mradi wa maji, mradi wa lishe na mradi wa uchumi wa buluu. Wanajua posho ni kiasi gani na wanajua jibu linalopendwa. Nimewaambia wanafunzi: mihuri ikishapokelewa na salamu zikishaisha, nendeni mkakae mahali ambapo mwenyekiti hafiki. Kwa fundi cherehani, kwenye mashine ya kusaga, kwa mama anayekaanga samaki jioni. Mwanafunzi akiniletea sura iliyojaa nukuu za watu wenye vyeo tu, namrudisha.

Jambo jingine ni nani anasoma. Etnografia za pwani yetu nyingi ziko kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Mtu wa Lamu aliyekaa saa nyingi kumweleza mtafiti maana ya maulidi hana njia ya kumwambia umekosea hapa. Watafiti wengine hutetea kwamba wamebadilisha majina ili kuwalinda watu, na kijiji kimepewa jina la uongo. Hilo humlinda mtu dhidi ya polisi wa mbali, pengine. Halimlindi dhidi ya jirani yake, ambaye atamtambua kwenye ukurasa wa tatu, wala halimpi nafasi ya kujibu.

Na kuna madaftari yenyewe, ambayo wakati mwingine yana thamani kuliko vitabu, kwa sababu humo mwenyeji bado anaongea kabla mwandishi hajamnyoosha. Karatasi za Malinowski zimegawanyika kati ya London na Yale. Picha za Evans-Pritchard ziko katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, na nyingi zimewekwa kwenye mtandao, kwa hiyo kijana wa Sudan Kusini mwenye simu na bando anaweza kuziona. Karatasi za Monica na Godfrey Wilson ziko Chuo Kikuu cha Cape Town, zikiwa na maelezo ya wazee wa Rungwe wa miaka ya 1930: mahari, mazishi, ugomvi wa mashamba ya migomba. Vyuo vyetu vinaweza kuomba nakala za kidijitali na kuziweka Tukuyu, na kazi hiyo haihitaji mfadhili mkubwa, inahitaji barua rasmi, mashine nzuri ya kunakili na mkutubi mmoja anayesoma Kinyakyusa. Ningeanza na masanduku ya makarani.